Lango la Saba

Malango ya mji ule yalikuwa sita, na waongozaji wa wageni walikuwa saba. Huyo wa saba ndiye tutakayemzungumzia hapa, na ukitaka kuelewa yaliyomkuta anza na hesabu hiyo, maana mengine yote yalitoka humo.

Mji wenyewe ulizungushiwa ukuta wa mawe miaka mia saba iliyopita, na ukuta ungali umesimama, mnene kiasi cha mkokoteni kupita juu yake bila wasiwasi. Wageni huja kutoka mbali kuuzunguka. Zamani, kabla ofisi ya mambo ya kale haijatia mkono, waongozaji waligawana ukuta vipande. Mgeni alipokewa kwenye lango moja, akasimuliwa, kisha akapelekwa hadi lango linalofuata na kukabidhiwa kwa mwingine kama kifurushi cha posta. Lango la Chumvi lilikuwa na jiwe la mizani, ambapo wafanyabiashara waliopunja watu walifungwa shingo kutwa nzima. Lango la Wafinyanzi lilikuwa na tundu la kuwamwagia maadui mafuta ya moto. Lango la Maji lilikuwa na kisima chenye ngazi mia na kumi na mbili. Kila mwongozaji alikuwa na lango lake, na katika kazi ile mwiko mkubwa ulikuwa mmoja tu: husimulii lango la mwenzako. Hata ukiulizwa. Hata ukimsikia mwenzako anadanganya mchana kweupe, unatazama viatu vyako.

Huyu wetu aliingia kazini wa mwisho. Hakuzaliwa ndani ya ukuta. Aliingia kwa kuoa. Wenzake wakampa kilichobaki, yaani kipande cha magharibi, hatua mia nne za ukuta mtupu kati ya lango la sita na lile la kwanza. Hapakuwa na mnara, wala tundu, wala marehemu yeyote wa maana. Palikuwa na nyumba tano za kawaida zilizoegemea ukuta, na moja kati ya hizo ilikuwa ya mkewe, aliyoachiwa na mama yake.

Walimpa jina la Redio. Sababu yao ni kwamba ukishamwasha hazimiki, na yule wa Lango la Maji aliongeza kuwa hata betri zikiisha bado anakoroma. Lilikuwa jina la haki. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, shati limenyooshwa hadi kwenye mikono, na alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Shida ni kwamba hakuwa na pango. Wageni walipomfikia walikuwa wameshachoka, viatu vimewabana, wanauliza choo kiko wapi. Aliwaeleza jinsi ukuta ulivyojengwa: mawe makubwa chini, madogo juu, kokoto na chokaa katikati. Ilikuwa kweli tupu, na hakuna aliyeisikiliza. Watu hutaka historia yenye damu, na chokaa haina damu.

Siku moja, miaka kumi na tisa kabla mambo hayajaharibika, alipokea kikundi cha wageni wanane jua likiwa kali. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo mwenye mkongojo, aliyeuzunguka ukuta mzima bila kulalamika. Alipofika mbele ya nyumba ya Redio alisimama, akajifuta uso, akauliza kwa upole kabisa, "Na hapa palikuwa na nini?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba hapakuwa na kitu. Lakini yule mama alikuwa amechoka kwa heshima sana, na Redio hakuwa na moyo wa kumrudisha mtu kama yule mikono mitupu.

"Hapa, mama," akasema, "palikuwa na lango la saba."

Ulimi ulitangulia, akili ikaufuata mbio kwa nyuma. Akasema kwamba mji ulipozingirwa na maadui, lango hilo ndilo lililokuwa dhaifu, na mwashi mmoja akaamriwa alizibe kabla hakujapambazuka. Mke wa mwashi alikuwa nje, amekwenda kuteka maji. Mwashi alijua. Akaweka jiwe moja baada ya jingine, na lilipobaki tundu la kupitisha kichwa tu alimsikia mkewe anamwita kwa upande wa pili, na akaweka jiwe la mwisho. Kisha Redio akawaingiza wageni jikoni kwake na kuwaonyesha ukuta wa nyuma, ambao ndio uliokuwa ukuta wa mji wenyewe. Sehemu ya katikati mawe yalikuwa mekundu, na yaliyobaki yalikuwa ya kijivu. "Mnaliona?" akauliza. Wote waliliona. Yule mama mwenye mkongojo alitoa kitambaa akalia.

Wekundu ule ulitokana na kuni. Bibi wa mkewe, na mama wa bibi huyo, walipikia pale pale maisha yao yote, moto ukilamba ukuta hadi mawe yakaiva kama matofali. Redio alilijua hilo vizuri. Mama mkwe wake ndiye aliyemwambia.

Kutia chumvi ni kazi ya kila mwongozaji, na wala tusijifanye watakatifu. Yule wa Lango la Maji aliongeza ngazi mbili tatu kila mwaka wageni walipopungua. Lakini kutia chumvi katika mchuzi uliopo ni jambo moja, na kuandaa chungu kizima cha chumvi ni jambo jingine. Wenzake walisikia, wakacheka mpaka mbavu zikawauma, na wakanyamaza. Mwiko ni mwiko. Lango lilikuwa lake.

Siku hiyo mkewe hakuwa nyumbani. Alikuwa amekwenda hospitali ya macho kwa mara ya kwanza, akarudi alasiri na karatasi ya daktari ndani ya mkoba. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ni presha ya macho, kwamba imechelewa kugunduliwa, na kwamba mwanga utapungua kidogo kidogo hadi uishe. Aliyasema hayo amekaa kwenye kigoda, mikono magotini. Kisha akaona vikombe vingi mezani.

"Nani kaja?"

"Wageni. Nimewaonyesha lango."

"Lango gani? Jikoni kwangu?"

Hapo ndipo alipotakiwa kucheka na kumwambia ni utani. Badala yake alimsimulia yote, mwashi, maji, jiwe la mwisho, akiwa amesimama mbele ya mawe mekundu na kunyoosha mkono kama alivyofanya kwa wageni. Mkewe alisikiliza, na mwisho wa hadithi akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Kumbe nyumba ya mama," akasema. "Miaka yote hii tunachemshia chai kwenye lango." Redio akaiacha ilivyo. Alijiambia atamweleza ukweli siku nyingine, siku nzuri zaidi.

Miaka ikaenda. Lango likapata umaarufu wake mdogo, na wageni wakawa wanamalizia matembezi jikoni mle, wanapewa chai, wanatazama mawe na kushusha sauti. Macho ya mama mwenye nyumba yalififia kama daktari alivyosema, na yakazimika kabisa miaka sita kabla ya haya ninayoyaeleza. Lakini ndani ya nyumba ile huwezi kumwita kipofu. Kutoka kitandani hadi jikoni zilikuwa hatua kumi na moja, mkono wa kushoto ukiteleza ukutani. Alijua jiwe lenye meno, jiwe lenye unyevu, na pale chokaa ilipobanduka mama yake alipogongesha kitanda. Alimimina chai akisikiliza sauti ya kikombe kinachojaa, wala hakumwaga. Wageni wengine waliondoka bila kujua kwamba hakuwaona. Akivuka kizingiti tu, alikuwa mtu mwingine: anang'ang'ania mkono wa mumewe kwa vidole vyote, anatembea kama sakafu yote ina mashimo. Kwa hiyo hakutoka mara nyingi. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa macho yake, na hili Redio alilijua kuliko mtu yeyote duniani.

Kisha akaja dada wa mambo ya kale. Usimchukie, alikuwa msichana mwenye adabu, msomi, mwenye kuipenda kazi yake, na ndiyo maana alileta madhara. Ofisi ilimtuma aandike kitabu cha ukuta ili waongozaji wote wasome mamoja, wavae sare na wafanye mtihani. Alizunguka na kila mmoja akiwa na kinasa sauti. Malango sita yalimchukua wiki nzima. Lango la saba lilimchukua wiki nyingine, kwa sababu halikuwamo katika karatasi zozote alizowahi kusoma, na mtafiti akikuta kitu ambacho hakimo katika karatasi hapati usingizi. Alipima mawe, akapiga picha. Akaleta mashine ndogo ya kugongagonga ukutani, nayo ikaonyesha kwamba nyuma ya mawe mekundu kuna uwazi.

"Ni dohani ya zamani hiyo," Redio alisema. "Njia ya moshi."

"Dohani haiingii ndani kiasi hicho, mzee wangu," dada akajibu, macho yanang'aa.

Siku ya mwisho aliomba azungumze na mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kiti kiko kulia kwako."

"Ahsante. Mama, wewe umezaliwa humu?"

"Humu humu. Chumba cha kati."

"Na hili lango, uliwahi kulisikia kabla mzee hajaanza kuwaonyesha wageni? Kwa mama yako labda, au kwa bibi?"

Redio alikuwa amesimama karibu na meza, bakuli la sukari mkononi. Alimfahamu mama mkwe wake, Mungu amrehemu. Kuhusu ukuta ule yule mama alikuwa na neno moja tu, kwamba unyevu wake ndio uliomletea kifua. Akamtazama mkewe, akangoja aseme hapana.

"Mama alikuwa akilitaja," mkewe akasema taratibu. "Nilipokuwa mdogo alinikataza kuegemea pale. Alisema kuna mtu bado anangoja upande wa pili."

Maneno yalikuwa ya Redio. Aliyatunga mwenyewe, mwaka wa tatu au wa nne, ili kuwaogopesha watoto wa wageni wasiguseguse vyombo. Na mkewe hakuwa anadanganya. Alikuwa ameyasikia kila siku akiwa gizani, mwaka baada ya mwaka, hadi yakajichanganya na vitu vyake mwenyewe na kukaa upande wa mama yake. Dada wa mambo ya kale alikuwa anaandika haraka, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo.

Palikuwa na nafasi hapo ya kusema. Ilikuwa fupi, lakini ilikuwapo. Ila kusema ilikuwa ni kumwita mkewe mwongo mbele ya mgeni, ndani ya nyumba ya mama yake, na kujiita yeye mwenyewe mwongo mara elfu kadhaa. Redio, ambaye hajawahi kukosa neno, alikosa.

"Nikuongezee sukari, dada?" akauliza.

Barua ilikuja baada ya miezi minne. Ilimwita mheshimiwa, jambo ambalo lilitosha kumtia wasiwasi. Ilisema kwamba ofisi imelitambua rasmi lango la saba, na kwamba kwa manufaa ya umma nyumba iliyolificha itaondolewa ili lango lifunguliwe, na kwamba wenye nyumba watapewa makazi mengine nje ya ukuta, katika majengo mapya, ghorofa ya tatu. Mkewe aliposikia karatasi ikifunguliwa alimwambia asome kwa sauti. Alisoma nusu ya kwanza. Mkewe akapiga simu papo hapo kwa binti yao aliyeolewa mbali, akamwambia, "Lango la bibi yako limetambuliwa na serikali," na Redio akaikunja barua akaitia mfukoni, nusu ya pili ikiwa ndani.

Kesho yake asubuhi alikwenda ofisini. Dada alimpokea vizuri na kumpa kiti. Kitabu kilikuwa mezani, kipya, kinanukia wino.

"Dada yangu," Redio akasema, "hakuna lango. Nililitunga."

Dada akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka, akamtazama kwa huruma ya kweli. "Mzee wangu, ningekuwa mahali pako ningesema hivyo hivyo."

"Sikia. Ule wekundu ni moto wa kuni. Ule uwazi ni dohani. Mwashi hakuwapo. Nilimtunga kwa sababu ya mama mmoja mwenye mkongojo."

"Miaka kumi na tisa unasimulia lango. Leo umepata barua ya kuhama, leo hakuna lango. Mimi niandike nini?" Akafungua jalada, akamwonyesha. "Na si wewe tu. Mama kasema alilisikia kwa mama yake, tena kabla hujafika mjini. Utaniambia mama naye alitunga?"

Redio akalisukuma jalada lirudi upande wa dada.

"Mimi si mtu mbaya, baba. Nipe mtu mwingine. Mwongozaji mmoja tu aje aseme kwamba unalosema leo ndiyo kweli. Au mama mwenyewe aje aifute kauli yake. Nitasimamisha. Nina wiki mbili kabla mafundi hawajaingia."

Wiki mbili si haba kwa mtu mwenye maneno. Alikwenda kwanza kwa wenzake. Walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha Lango la Chumvi na sare zao mpya, kadi zimening'inia shingoni, kitabu kila mmoja mkononi, wanaulizana maswali ya mtihani. Aliwaeleza. Hakupamba maneno wala hakuwazungusha; aliwaambia nyumba ya mkewe inabomolewa, na wote sita wanajua kwamba lango ni la uongo, na mmoja tu anatosha.

Yule wa Lango la Maji, aliyemcheka kwa miaka kumi na tisa na aliyekula chakula kwake mara zisizo na idadi, alitazama viatu vyake.

"Redio, ndugu yangu," akasema mwishowe, "lile lango ni lako. Sisi hatusimulii lango la mwenzetu. Wewe unajua."

"Siwaombi msimulie. Nawaombeni mseme halipo."

"Kusema halipo si ndiyo kusimulia?"

Mwingine akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba lango la saba limo ukurasa wa arobaini na moja, na mtihani ni Jumatatu, na mtu anayepinga kitabu hapewi kadi. Mwenzao mmoja akasogea amwachie nafasi kwenye benchi. Redio hakukaa. Kwa mara ya kwanza alihisi kile ambacho wageni walihisi kwenye kipande chake, ule ukuta mtupu unaoendelea tu.

Akabaki mkewe. Kumwambia mkewe hakukuhitaji ofisi wala sare; kulihitaji sentensi moja. Aliifanyia mazoezi njiani. Alipoingia alimkuta anapanga vikombe kwenye rafu kwa kupapasa vishikio vyake, vyote vimetazama upande mmoja. Akamketisha, akaanza na nusu ya pili ya barua, kwa sababu aliona ndiyo nyepesi kati ya mambo mawili. Akamwambia nyumba itabomolewa.

Mkewe hakulia. Aliuliza, "Yote?" na Redio akasema yote. Aliuliza huko ghorofani kukoje, na Redio akasema hajui. Kisha aliulaza mkono ukutani, na aliponena sauti yake ilikuwa imara, kama mtu aliyepiga moyo konde na kumaliza.

"Basi. Ingekuwa wanajenga hoteli, ningejifungia humu wanibomoe nayo. Lakini ni kwa ajili ya lango. Watu watapita hapa alipolala mama, miaka na miaka. Si jambo dogo hilo, mzee. Ndicho kitu pekee kinachoniwezesha kuondoka."

Sasa umemwona alivyonaswa. Sentensi moja ingeiokoa nyumba, na sentensi hiyo hiyo ingempokonya mkewe kitu pekee alichokishika, na kumwambia kwamba mwanamume aliyemwongoza kwa mkono kwa miaka yote hiyo alimwongoza katika uongo tangu siku ya daktari. Angemchukia wiki moja, au mwaka, au milele, lakini angemchukia akiwa ndani ya nyumba yake. Mtu mwenye akili timamu angesema. Redio aliamua kusema kesho. Kesho yake aliamua kusema jioni. Siku ya kumi mkewe alimwomba amhesabie ngazi za ghorofani mapema ili azizoee kichwani, na alipomaliza kumhesabia alijua kwamba hatasema. Alikuwa mwoga. Tumtafutie jina zuri la nini?

Mafundi waliingia asubuhi ya siku waliyosema. Redio alikuwa ameshamhamisha mkewe siku mbili kabla. Akarudi peke yake kuangalia. Paa liliondoka kabla ya saa nne. Chumba cha kati kilianguka kwa pigo moja, hakikuwa na nguvu yoyote, vumbi likawafanya watu wakohoe. Saa nane ukuta wa nyuma ulikuwa umesimama wazi mbele ya jua, na dada wa mambo ya kale akaja na kofia ya chuma na watu wa picha. Fundi akachomoa jiwe jekundu la kwanza kwa uangalifu mkubwa. Wekundu wake ulikuwa unene wa kidole. Ndani lilikuwa la kijivu, kama mengine yote. Nyuma yake palikuwa na shimo jembamba lililojaa masizi, linapanda juu kama dohani yoyote ile, na nyuma ya shimo kulikuwa na ukuta: mawe makubwa chini, madogo juu, kokoto na chokaa katikati.

Walichomoa mawe kumi na mawili kabla hawajakubali. Dada alivua kofia. Alikuwa amepauka alipomfuata Redio.

"Ulisema kweli," akasema.

"Nilisema."

"Mbona hukumleta mama?"

Dada hakungoja jibu. Alirudi kwa watu wake. Siku chache baadaye waliyarudisha mawe, wakaweka kibao kilichosema kwamba uchunguzi wa mahali pa lango la saba unaendelea. Kitabu kilikuwa kimeshachapwa nakala elfu tatu, na kitabu hakichomolewi jiwe jiwe. Waongozaji wenye sare wanasimama pale mpaka leo, wanasoma ukurasa wa arobaini na moja, mwashi, maji, jiwe la mwisho, na wageni wanatazama kiwanja kitupu na kutikisa vichwa. Redio hakufanya mtihani. Hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Ghorofa ya tatu ina vyumba viwili, kuta zake zimepakwa rangi laini kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna jiwe lenye meno wala lenye unyevu. Mkono wa mkewe unateleza juu yake bila kuambiwa kitu. Wiki ya kwanza alijigonga muundi mara mbili, akajichoma kiganja kwenye jiko, akamwaga birika zima akidhani kikombe kipo. Wiki ya pili alijitahidi bado, akihesabu hatua kwa sauti, akipotea kati ya saba na nane. Wiki ya tatu aliacha. Sasa anakaa kitandani tangu asubuhi, miguu imeungana, mikono magotini, anamsubiri mumewe amwambie chakula kiko wapi. Chai anapika Redio. Inamwagika.

Kuhusu lango hakuuliza kwa mwezi mzima, na Redio aliona ni bahati. Kisha Jumapili moja, alipokuwa anamkata kucha karibu na dirisha, akauliza.

"Waliliona?"

Mkasi ukasimama. Redio alikuwa amejiapiza, juu ya vumbi la nyumba ile, kwamba uongo umekwisha kinywani mwake. Akautazama uso wa mkewe, ambao ulikuwa umegeukia sauti yake kama zamani, umepungua, una kovu jipya juu ya nyusi. Akaona kwamba hakubakiwa na kitu kingine chochote cha kumpa.

"Waliliona," akasema.

"Likoje?"

"Refu. Juu limepinda kama upinde. Mawe yamechongwa vizuri sana, kila moja na mwenzake. Upande wa kushoto kuna jiwe lenye alama ya mkono, wanasema ni ya yule mwashi." Sauti ilikuwa imemrudia, ile ya kazini, na kadiri alivyosema ndivyo alivyoshindwa kuizuia. "Watu wanapita, mke wangu. Wanapita pale pale mama alipolala. Wanashusha sauti."

Mkewe alisikiliza hadi mwisho. Taratibu, kwa mara ya kwanza tangu wahame, uso wake ulifunguka, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. Akauvuta mkono wake kutoka kwenye mkasi, akasimama bila kushikwa.

"Basi nipeleke nikaliguse," akasema, na akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda.